Mabaka ya Deraya

Fundi rangi wa malori pale Makambako ana mikono mikubwa, lakini unga wa ngano anaukanda kwa ncha za vidole. Anauviringisha kuwa vipande vyembamba kama minyoo, kisha anavilaza kwa kuvipindapinda juu ya kigari cha deraya, gari la vita la chuma, alichokichonga kwa mbao ya paini na kukipaka kijani. Panapofunikwa patabaki kijani. Palipo wazi anapuliza rangi ya udongo, yawe mabaka ya kijeshi ya kufichia gari. Tepu ya karatasi wanayozibia mafundi wengine, yeye haitaki. "Porini hakuna kilichonyooka," humwambia Mama Jasmine, jirani yake muuza chai, bila kumtazama. Tangu Jumatatu Mama Jasmine ameona mabaka hayo yakirudiwa mara tatu. Jumatatu ndipo Rabson, mtoto wa fundi, dereva wa deraya jeshini, alipopiga simu mara ya mwisho kutoka mpakani. Kwa baridi hii rangi haikauki upesi, na fundi, ambaye lori la mtu hulisubiri hata siku mbili, kwa kigari hiki hana subira. Anabandua unga mapema, kijani kinatoka nao, anasonya, anaanza upya. Kila mara anagusa simu mfukoni.

Leo unga umebanduka vizuri. Fundi anavuka barabara, anakiweka kigari kwenye majani, anarudi akihema. "Mama Jasmine, hebu angalia pale. Unakiona?"

Jua limekimulika chote, mpaka magurudumu. Mama Jasmine anafuta mikono kwenye kitenge, anakodoa macho, hana haraka.

"Kiko wapi, Baba Rabson? Mbona sikioni?"