Siku Niliyotangaza Mimba Mbele ya Kamati ya Mashamba

Nusu ya Ruiru wanaijua hii habari na kila mtu ameiongezea chumvi yake, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe hata kama nitasimulia nikiwa nimejifunika leso usoni: ndiyo, ni mimi yule mjane wa miaka arobaini na tisa aliyesimama mbele ya wazee akasema ana mimba ya mume wake, na mume mwenyewe alikuwa amezikwa miaka mitatu kabla.

Msicheke bado.

Ilikuwa wakati ule wa mkoloni wa kuunganisha mashamba, kamati inakaa kila Jumanne karibu na ofisi ya chifu, wanaandika kipande gani ni cha nani, na sisi wajane tuliozaa mabinti tupu tulikuwa hatupati usingizi. Mimi nina Njeri na Wairimu, wote waliolewa. Shemeji yangu Kimani alikuwa ameshaanza kupima shamba la marehemu mume wangu Ng'ang'a kwa hatua za miguu, eti mjane hana mrithi, na tena mjane anaweza kuleta watoto wa nje kwenye ardhi ya ukoo. Nikikosa kile kipande ningeenda wapi? Kuchuma kahawa ya mzungu na kulala kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi, na magoti haya?

Sasa katikati ya wasiwasi huo damu yangu ya mwezi ikakatika. Mwezi wa kwanza nikanyamaza, wa pili nikanyamaza, wa nne likaja joto, joto linaloanzia kifuani likapanda mpaka masikioni, niko shambani asubuhi ya baridi ya Julai natoa sweta, navaa sweta, natoa tena (jirani akaniuliza kama nimeingiliwa na siafu). Moyo unadunda, kukaa siwezi, nikianza kumenya viazi naviacha naenda kufagia, nikifagia naacha ufagio naenda kuangalia mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote. Niliogopa sana. Tulikuwa tumeambiwa tangu usichana kwamba damu isipotoka hupanda kichwani na mwanamke akarukwa na akili.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Badala ya kumuuliza mkunga, nilipopeleka maharagwe Thika nikamuuliza Mama Zuhura wa Majengo, rafiki yangu aliyekuwa akiuza viungo sokoni.

"Dada, huna wazimu wewe," akaniambia huku akifunga bizari kwenye karatasi. "Hiyo ni mimba iliyolala mgongoni. Baba akifa, mtoto huona uchungu akajificha, siku yake ikifika anaamka. Binamu yangu alikaa na yake miaka minne."

Mwingine angecheka. Mimi, kati ya wazimu na mtoto, nikachagua mtoto, tena wa kiume, na kabla gari la moshi halijafika Ruiru nilikuwa nimeshampa jina, Mwangi, la baba mkwe.

Ningenyamaza na Mwangi wangu hakuna ambaye angejua. Lakini Jumanne iliyofuata, mbele ya kamati, Kimani akasimama na kuanza wimbo wake wa mjane hana mrithi, joto likanipanda, nikasikia mdomo wangu ukisema kwa sauti, "Mrithi yuko! Yuko hapa!" Nikajipiga tumbo (lilikuwa limejaa githeri tu, mahindi na maharagwe).

Papo hapo Kimani akawageukia wazee.

"Mmesikia wenyewe? Ndugu yangu ana miaka mitatu kaburini! Si niliwaambia huyu ataleta mtoto wa nje?"

Ngai! Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaanza kueleza habari za mgongo, na nilipoona hawaelewi nikageuka, nikawapa wazee kisogo na kuwaonyesha kwa kidole mahali mtoto alipokuwa amelala. Karani alicheka mpaka akaangusha kalamu. Mwenyekiti, Mzee Gathecha, hakucheka, na hiyo ilinichoma zaidi. Akasema nipelekwe hospitali Thika nikapimwe, mke wa Kimani anisindikize awe shahidi, turudi na jibu Jumanne ijayo.

Mke wa Kimani, Mama Kariuki, alinitangulia njia nzima. Muuguzi alikuwa msichana mdogo kuliko Njeri, mikono yake baridi, akanipima polepole.

"Maitu, mama yangu, hapa hakuna mtoto," akasema. "Na mtoto halali mgongoni, hata siku moja. Damu imekoma kwa ajili ya umri tu. Hilo joto litapita, na hutarukwa na akili."

Nilifurahi na nikalia hapo hapo, nikimlilia Mwangi ambaye hakuwahi kuwepo. Nikavaa viatu. Mama Kariuki hakuinuka.

"Na mimi?" akamuuliza muuguzi kwa sauti ndogo. "Huu ni mwaka wa pili. Nimechanjwa na wembe mara tatu ili damu ipate njia."

Akafunua mgongo, na mimi nikatazama ukutani.

Jumanne ikafika, uwanja umejaa, watu wametoka hata kijiji cha pili kuja kumwona mama wa ajabu. Mama Kariuki akasimama.

"Mimba hakuna," akasema. "Huyu amekoma kuzaa. Kama mimi."

Kimani akatazama viatu vyake. Mzee Gathecha akakuna kidevu.

"Kimani, ulikuwa unaogopa mtoto wa nje. Aliyekoma kuzaa atamtoa wapi? Mambo ya mrithi yatangoja afe."

Basi karani akaandika jina langu, langu mimi. Kumbe lile la damu kukoma nililolificha kwa miezi ndilo lingeniokoa Jumanne ya kwanza! Maana katika wiki ile ya kungoja tumbo langu, kipande tambarare cha karibu na mto nilichokuwa nikikitegemea kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na mimi nikaandikiwa kule kwenye mteremko wa mawe ambako hata mbuzi anateleza.

Tangu siku hiyo niliapa, mambo ya mwili wangu nitamuuliza mkunga kabla ya soko na kabla ya wazee. Juzi Njeri alipofika miaka arobaini na miwili nilimketisha jikoni nikamwambia yote waziwazi, akaziba masikio kwa aibu. Acha aone aibu. Mimi aibu yangu naipalilia mpaka leo, kwenye mawe.