Jarife Juu ya Bati la Bibi

Enzi zetu kimbunga hakikuja kwenye simu. Kilikuja kwenye redio ya betri ya Mzee Masanja, kule Mjimwema, Kigamboni, na kabla taarifa haijaisha mtaa mzima ulishajua. Mie shule niliishia darasa la nne, msinitafutie sarufi hapa. Lakini siku ile naikumbuka kuliko nyie mnavyokumbuka mlichokula jana.

Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara imeachiwa huru, bidhaa zimeanza kujaa madukani. Bibi yangu mzaa baba, Bi Tatu, alikaanga mihogo miaka na miaka mpaka akaezeka nyumba yake kwa bati, la kwanza mtaani. Kabla ya hapo sie wajukuu tulilala na sufuria kitandani kukinga matone. Sasa mvua ikinyesha tunajifunika kanga, tunasikiliza ngoma juu. Raha iliyoje! Ila fundi alilipigilia kwa misumari ya zamani, ile ya kunyoosha kwa nyundo. Kwa hiyo kimbunga kilipotangazwa, kila mtu aliangalia paa la Bibi.

Kazi ikaanza. Wanaume wakavuta ngalawa kutoka ufukweni mpaka penye minazi. Wanawake wakajaza maji kwenye madebe, wakakaanga samaki wa kutosha siku mbili. Sie watoto tukapewa magunia tujaze mchanga, ikawa kama Idi, tunamwagiana mpaka masikioni. Mama akafoka, "Chekeni tu! Upepo hauna shangazi!"

Mzee Masanja, Msukuma, mtani wetu Wazaramo, akasimama uani. "Bi Tatu, toka humo! Mzaramo mwepesi wewe, utafika Zanzibar bila nauli!"

"Kafunge ng'ombe wako, Msukuma! Bati langu likiruka, naruka nalo!"

Mjomba Salumu, mvuvi, akaleta jarife lake, ule wavu wa papa, matundu yake mkono unapita. Wakalirusha juu ya paa, wakalivuta mpaka chini, wakalikaza kwenye minazi pande zote. Kamba zikapungua. Masanja, pamoja na kelele zake, akaenda kufungua kamba zilizoshika paa lake la makuti, akaongezea.

Wakapeana mikono. Ndipo sauti ikatoka ndani. Bibi alikuwa anaswali alasiri, nao wamemfungia mlango.

"Nyie! Mmeninasa kama papa?"

"Papa gani hana meno!" Masanja akaketi chini kwa kicheko.

Salumu akakimbilia fundo. Bibi akapenyeza mkono kwenye tundu, akamchapa mwiko. "Ukifungua hata moja, sikupi radhi! Acha hivyo hivyo!" Mbingu ilishakuwa nyeusi. Akabaki humo, akatupitishia mihogo kwenye matundu, mmoja mmoja, sie tumepanga foleni.

Upepo ukaja, mkia tu wa kimbunga, lakini mkia wenyewe! Tukiwa dirishani kwa jirani tuliyaona mabati yakinyanyuka, jarife likiyarudisha. Yakinyanyuka, likiyarudisha. Hata kabla ya magharibi ukachoka. Bibi akafunguliwa, akatazama juu. Lote lipo. Makuti ya Masanja ndiyo yalikuwa yameishia bwawani.

"Msukuma wewe, leo utalala kwangu na wanao," Bibi akamwambia. "Kesho tunakusukia makuti." Na kesho yake mtaa mzima ukasuka.

Leo nina nyumba ya vigae Tabata, nimejenga kwa jasho langu, hakuna aliyenishika mkono. Vijana wa siku hizi wakipata taarifa ya kimbunga wanaisambaza kwenye kundi na kikatuni kinacholia, kisha wanarudi kulala. Mwaka jana taarifa ilipokuja, nikatoa lile jarife stoo, Mjomba Salumu aliniachia, nikajitwisha, nikagonga geti la jirani tusaidiane kufunga mapaa.

Akafungua kijana mmoja, nisimsingizie, ana adabu. Akaniamkia vizuri kabisa. Kisha akaushika wavu, akaugeuzageuza.

"Bibi, huu unauza bei gani?"