Kichwa Ndani ya Pipa

Juzi, katika duka moja la Tunduma, binti yangu alipokuwa akichagua jiko jipya la kuchomea nyama, nilimkumbuka baba sokoni, nilipokuwa mtoto, akichagua lililokatwa kutoka kwenye pipa.

"Lilikuwa la mafuta ya kula, mzee," fundi aliapa.

Baba aliingiza kichwa ndani, akanyamaza. Nilidhani anaomba, nami nikafumba macho, nikisubiri amina.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Twende, mwanangu."

Nililia njia nzima, nikiamini Mungu ametunyima nyama ya Pasaka. Kumbe baba alikuwa amenusa dawa ya wadudu ya kupulizia mikahawa, sumu iliyobaki kwenye pipa lile, ambayo tungeila pamoja na nyama. Namshukuru Mungu kwa pua ile.

Juzi nami niliinama, nikanusa jiko lile linalong'aa.

"Baba, hilo ni jipya!" binti yangu akacheka.

"Amina," nikasema. "Lichukue."