Kijikapu Kilipompita Baba

Kaa kidogo, mwanangu. Naona pikipiki yako iko tayari, lakini barabara haihami. Mengi yananitoka siku hizi, ila siku ile bado naikumbuka. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, hapa hapa Kishanda, nami nilikuwa kijana aliyemaliza la saba, nikijiona naijua dunia.

Baba alikuwa na baiskeli, na hakujua kumkatalia mtu. Mgonjwa akizidiwa, baiskeli ya Baba. Kahawa ikipelekwa kuuzwa, baiskeli ya Baba. Mama alinung'unika mpaka akachoka. Basi asubuhi moja Deusi, mtoto wa jirani yetu Ma Kokugonza, akaja kuiazima aende Muleba kuchukua chaki. Ndiye aliyewafundisha wazee wetu kisomo cha watu wazima. Hata mama yake alikuwa mwanafunzi wake. Baba alijaza upepo, akajaribu breki, akampa.

Kwenye mteremko foko ikakatika, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho halifiki. Deusi aliangukia kichwa. Walimrudisha kwa machela, amekwisha kufa.

Ulimi hauna mfupa. Kabla kaburi halijachimbwa watu walishaanza: kwa nini imkatikie Deusi, isimkatikie mwenyewe? Nikaogopa. Nikasema, "Baba, tusiende msibani. Tutume ndizi, inatosha."

Baba alinitazama. "Baiskeli nilimpa kwa mkono wangu, halafu mama yake nimtumie ndizi kwa mkono wa mtu? Vaa shati twende."

Desturi yetu unaijua: ukiketi kwa mtu, unapewa kahawa za kutafuna, na asiyepewa ameambiwa aondoke. Kijikapu cha kahawa kilizunguka. Kikamfikia aliyekuwa kushoto kwa Baba, kikaenda moja kwa moja kwa wa kulia. Baba akabaki na kiganja wazi juu ya goti. Niliona aibu, mwanangu, sijapata kuona aibu kama ile. Nikamvuta shati tuondoke. Hakuondoka, na kiganja hakukifunga. Machozi yalimtoka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Kijikapu kikamfikia Ma Kokugonza. Akachukua kahawa moja, akaipasua kwa meno. Ndani ya ganda moja hulala mbegu mbili, na kugawana mbegu hizo ndivyo wazee wetu walivyofungana undugu. Akainuka kwenye majani waliyotandikiwa wafiwa, akapita katikati ya watu. Mbegu moja akaitafuna, ya pili akaiweka kwenye kiganja cha Baba.

"Ta Laurenti," akamwambia Baba, "mwanangu alikuja kwako kwa sababu hukatai mtu. Chuma kimekatika. Wewe usinikatikie."

Baba akaitafuna.

Usidhani mambo yaliisha vizuri. Ma Kokugonza hakurudi kwenye kisomo. Mpaka anakufa alitia dole gumba. Baba alinunua foko mpya, akaendelea kuwaazima watu baiskeli yake, lakini kila ilipotoka alikwenda kusimama njiani mpaka irudi. Chakula kilipoa, mvua ikamnyeshea, yeye yuko pale. Alizeeka akisimama hivyo.

Kwa hiyo nisikie. Ajali haina kinga. Jambo likiharibika usikimbilie kutafuta wa kumtwisha, kwa maana mfiwa halishwi kwa lawama. Na wakikunyooshea kidole wewe, usijifiche nyumbani kama nilivyotaka mimi. Nenda ukae na aliyefiwa, hata kijikapu kikupite. Wazee husema wema hauozi. Ni kweli, ila kuna siku unauma, na siku hiyo usiuache.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, akupe watu wa kukugawia mbegu ya pili. Mimi nitakuwa pale njiani mpaka urudi.