Marando ya Daphrose

Mimi ni mtoto wa Bujumbura niliyeolewa Gahanga, na kwetu hatukufundishwa kuwasifia mama wakwe. Lakini huyu wangu, Daphrose, nitamsifia, na anayetaka kununa anune.

Gahanga inatazamana na Bugesera, nchi ya ukame. Jua la kule likitupiga, mlima unageuka vumbi. Ndiyo maana kila kiangazi watu hushuka bondeni, kwenye kinamasi, wakainua matuta marefu katikati ya mifereji na kupanda viazi vitamu. Mgeni atadhani wanalima chakula. Wanachotunza hasa ni marando, yale mashina yake yanayotambaa. Mvua ikirudi, hukatwa na kupandwa mlimani. Yakifa bondeni, mlima mzima hauna mbegu, na njaa inaingia mpaka chumbani.

Mwaka 1991 mvua ya Septemba haikuja. Oktoba nayo ikapita kavu. Kinamasi chenyewe kikaanza kupasuka, na majirani wakakata tamaa, wakalisha mbuzi marando yaliyobaki. Daphrose alichukua mundu akaingia ndani zaidi, kwenye mafunjo, ambako maji yalikuwa bado yapo. Akakata mafunjo, akayalaza yakipishana juu ya maji, akarundika tope, akapanda humo. Mama yake alimfundisha hivyo wakati wa njaa nyingine. Ruba walimnyonya mpaka miguu ikavimba. Wanawake njiani wakamtania kwamba analimia vyura.

Nyumbani, tatizo lilikuwa na pembe. Baba mkwe, Mugenzi, alikuwa na mtamba mmoja, Gaju, aliyepewa na rafiki yake Mutsinzi. Kwao, aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa, na Mugenzi hakumaliza sentensi bila "Mutsinzi yampaye inka", yaani Mutsinzi alinipa ng'ombe. Sasa nyasi zilikuwa zimekwisha, akamwendea mkewe.

"Mama Silvère, ng'ombe iko anakufa, na wewe uko na majani mabichi kule bondeni."

"Ile haiko majani, mzee. Ni mlima wote ule."

"Unataka nimwambie nini Mutsinzi?"

"Kamkatie Gaju machipukizi ya mafunjo. Marando sikupi."

Mugenzi alimkatia kila siku, lakini Gaju alikuwa amedhoofu mno. Asubuhi moja alianguka zizini, hakunyanyuka tena. Mugenzi akaacha kusema na mkewe. Hata chumvi aliiomba kupitia kwangu, mkewe akiwa amekaa palepale. Nilikasirika, lakini mkwe hasemi. Siku moja nilimkuta Daphrose analia nyuma ya jiko, nikamuuliza kama anajuta.

"Ninalia sababu Gaju nilikuwa namupenda, sha," akasema. "Kesho tunashuka."

Mvua ilikuja Novemba, kwa kishindo. Uwanja wetu ukajaa watu, na wale wa vyura walikuwa mbele kabisa, hawana haya. Kule marando hayauzwi, na anayeomba hanyimwi. Daphrose akawa anayakata marando tuliyopandisha kutoka bondeni na kuyatoa, furushi baada ya furushi, nami nikawa namvuta kitenge: na shamba letu je? Akaniondoa mkono.

Mugenzi alikuwa amekaa mlangoni, anatazama. Sijui alichokuwa anawaza. Aliinuka, akampokonya mkewe mundu, akainama na kuanza kukata marando mwenyewe.

Silvère, mume wangu, akafika na watu wengine kutoka ng'ambo ya mlima, akauliza kama bado yapo ya kuwatosha.

"Yako!" Mugenzi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Daphrose yampaye inka, hakuna mutu atarudi mikono mitupu!"

Sijapata kusikia mwanamume akiapa hivyo kwa jina la mkewe, tena mke ambaye hajawahi kumpa mtu hata ndama. Daphrose alisimama wima katikati ya tope, miguu yake imejaa makovu ya ruba, akawatazama wote.

Tangu siku ile Mugenzi hakuapa tena kwa jina lingine.