Lobi, Alisema Mama

Mvua ikipiga bati lenye joto hapa Kamina, harufu ya chuma kilicholowa hunirudisha ndani ya lile behewa la mizigo.

Sisi familia za askari tulikuwa tunahamia kaskazini, ziwani. Behewa ndilo lilikuwa nyumba yetu: godoro pembeni, kuku amefungwa mguu mlangoni, mama akisonga bukari, ugali wetu, juu ya mbabula ya makaa, na nje mabwawa na nyasi ndefu vikipita. Niliwahurumia watoto wenye nyumba zisizotembea.

Katikati ya pori treni ikasimama. Mbele kulikuwa na mapigano. Mashini iliyovuta mabehewa ikafunguliwa, ikaondoka na askari, baba akiwemo; sisi tukaachwa relini kusubiri.

Iliporudi kutuchukua, baba hakushuka. Alishuka rafiki yake, kofia mkononi.

"Ikala chini kwanza, mama," alimwambia mama, kisha akamnong'oneza.

Mama hakulia. Aliendelea kupepea makaa ambayo tayari yalikuwa yanawaka.

"Mama, papa atakuya siku gani?" nikamuuliza.

Mama alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi. Akizidiwa, Kiswahili kilimtoka kabisa, akabaki na Kilingala chake.

"Lobi," alijibu.

Kwa Kilingala neno hilo ni kesho, na ni jana vilevile. Nilijua yote mawili. Nikachukua kesho.

Jioni nikamwekea baba bukari, nikaifunika kwa sahani. Asubuhi nilikuta mama ameifunga vizuri zaidi, kwa kitambaa chake cha kichwa.