Fundi Msa na Sikio la Charifa

Ni mwezi uliopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nje kidogo ya Mahajanga, pikapu nyeupe ya dizeli inakimbia kwenye barabara kuu iendayo Antananarivo. Injini inalia kama inapanda mlima, na kumbe barabara ni tambarare. Msa Hamidou ameshika usukani. Kando yake mkewe, Charifa, ameinamisha kichwa, saa mkononi.

"Vipi?" Msa anauliza kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Charifa anampiga gotini mara mbili kwa kiganja. Maana yake: injini imepandisha sauti.

Msa, mwenye miaka 61, ni fundi wa dizeli katika mtaa wa Mangarivotra. Sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linafifia mwaka hadi mwaka. "Miaka arobaini nimesimama kando ya injini bila kuziba masikio," anasema, akichanganya Kikomoro na Kimalagasi. "Tulidhani kelele ndiyo kazi yenyewe."

Alizaliwa hapa hapa Mahajanga, katika familia yenye asili ya Komoro. Baada ya Wakomoro wengi kuuawa mjini humo Desemba 1976, jamaa zake karibu wote waliondoka. Yeye, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikimbilia Nosy Be, akapata kazi ya kutengeneza malori ya kubeba miwa. Huko alimkuta Charifa, aliyekuwa akishona nguo kibarazani kwa shangazi yake.

"Alikuja na shati lililochanika," Charifa anakumbuka. "Wiki ya pili akaja na jingine. La tatu nikaona wazi limechanwa kwa makusudi."

Walirudi Mahajanga mwaka 1984, wakafungua gereji. Msa alisifika kwa kuutambua ugonjwa wa gari kwa kulisikia tu likipita. Kwa hiyo masikio yalipoanza kumwacha, sifa nayo iliondoka. Wateja wanane kwa wiki wakawa wawili, pengine mmoja. Mmoja aligeuza gari lake mlangoni akisema, "Kiziwi atasikiaje injini?"

Msa hakuyasikia maneno hayo. Charifa aliyasikia. Hakumwambia mumewe, ila kesho yake alifunga cherehani mapema akaja kukaa gereji.

"Nikamwambia, Baba Laïla, nifundishe injini yenye afya inavyolia," anasema Charifa, akimwita mumewe kwa jina la binti yao.

Ndiyo maana Koultoum, mkunga mstaafu, alipofika mwezi uliopita na pikapu ile, alipokewa na watu wawili. Gari ni la chama cha akina mama. Huwachukua wajawazito kutoka vijiji vya kando ya barabara kuu hadi hospitali. Lilikuwa likisumbua kwa miezi kama mitatu: likikimbia, injini inapiga kelele, malori yanalipita, dizeli inakwisha kabla ya wakati. Mafundi wawili walishasema injini imechoka, ing'olewe. Chama hakikuwa na uwezo huo, na kikao cha kuliuza kilikuwa Ijumaa.

"Wiki ile mama mmoja alijifungulia njiani," anasema Koultoum. "Mtoto yu mzima, alhamdulillahi."

Msa alishuku klachi kwanza, huenda inateleza. Asubuhi ile barabarani, kwa gia ya tano, alikanyaga mafuta kwa nguvu. Klachi inayoteleza huiacha injini ipande peke yake, gari likibaki nyuma.

"Sauti na mwendo vinapanda pamoja," Charifa alisema, akionyesha kwa mikono miwili iliyoinuka sawia.

Basi klachi haikuwa na kosa. Gia ya tano nayo ilishika: walipoingia kutoka ya nne, Charifa alisikia sauti ikishuka. Matairi yalikuwa ya saizi yake. Ndipo Msa akamwomba apime muda kati ya mawe ya kilomita, mshale wa spidi ukisimama kwenye themanini. Kilomita moja ingechukua sekunde arobaini na tano. Ilichukua hamsini na sita.

"Mshale unatudanganya," alisema Msa. Mshale ule hupata habari zake kwenye giaboksi. Kama giaboksi inasema themanini na barabara inakataa, kosa liko nyuma yake.

Gereji, waliinua magurudumu ya nyuma juu ya stendi na kuyatia alama za chaki. Msa na Charifa, kila mmoja upande wake, wakayazungusha kwa pamoja, taratibu. Koultoum alichuchumaa akihesabu mizunguko ya propela, ule mhimili unaotoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, kwa makini kama anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Magurudumu yalipozunguka mara kumi, propela ilizunguka arobaini na tisa. Msa alitarajia thelathini na tisa.

"Mama, ekseli hii iliwahi kubadilishwa?"

Koultoum akakumbuka: ilivunjika miezi mitatu nyuma, mtu akawafungia ya mtumba. Ilitoka kwenye gari la mizigo mizito, lenye difu, yaani gia za ndani ya ekseli, ya nguvu isiyo na mbio. Injini ilikuwa nzima muda wote. Ililazimishwa tu kukimbia kupita kiasi.

Koultoum aliketi juu ya tairi akalia, kisha akacheka. Kikao cha Ijumaa kiliahirishwa. Mmadi, aliyefanya kazi na Msa zamani Nosy Be, alituma difu sahihi kwa boti ya mizigo. Walipoifunga, kilomita ilichukua sekunde arobaini na tano, na tangu hapo wajawazito sita wamefika hospitali salama.

Wateja wameanza kurudi. Msa sasa ana mpango: kila Jumapili anamfundisha Charifa kuendesha. Siku masikio yatakapozima kabisa, mke atashika usukani, naye Msa ataweka kiganja juu ya dashibodi asome mtetemo.

Haogopi siku hiyo?

"Injini siogopi," anasema, akifuta mikono. "Naogopa kutomsikia huyu akiniita kula."

"Nitakuja kukuchukua," Charifa anajibu kutoka upande wa pili wa gari.

Msa hajasikia. "Umesema nini?"

Charifa harudii. Anazunguka gari, anamshika mkono wenye grisi, na wanaingia ndani kula.